Senene wa Mama na kifaa changu cha Morse

Leo Mama amenishukuru, na sistahili hata kidogo.

Jana asubuhi hapa Kagondo niliandaa kifaa changu cha kujifunzia Morse, zile alama za mlio mfupi na mrefu.
Unakichomeka kwenye kompyuta, unafungua ukurasa wake kwenye kivinjari, unachagua somo, basi.
Kikaanza: ti, ti, taaa!
Nilifurahi kama mtoto.
Nikakiacha kimechomekwa nyuma ya kochi, nikakimbilia msibani Kamachumu. Kukizima? Wala sikukumbuka.

Leo mchana narudi, namkuta Mama sebuleni, friji kaizima.

"Mita inalia tangu jana, umeme unaisha," akaniambia. Macho yake siku hizi hayasomi namba za mita. "Nikaona nibane, usije ukakosa umeme wa kompyuta yako."

Wa kompyuta yangu, jamani.

Ndani ya friji kulikuwa na senene, wale panzi wa kuliwa. Aliwanyonyoa mwenyewe, akamwekea dada yangu anayekuja kutoka Mwanza.
Wote wameharibika.

Nikazunguka nyuma ya kochi kimyakimya, nikachomoa kile kidude, mlio ukakatika.
Mama akatega sikio.
"Umeshanunua umeme?"
Nikasema ndiyo. (Msinitukane, nimeshajitukana.)
"Wakola waitu," akanishukuru kwa Kihaya chake cha upole. Kisha akachukua simu, akampigia dada kumwomba msamaha kwa uzembe wake.

Uzembe wake!

Ninavyoandika hapa, bado anaomba msamaha. Nimesimama nje ya mlango, kifaa kiko mfukoni.
Niambieni, naingia nikianza na neno gani?