Chale za Mwanaheri

Mwanaheri, mfinyanzi wa milimani juu ya Mkuyuni, hata matangani hakumaliza kikao, mkeka ulimchoma. Enzi za Mdachi, siku ya kuchoma vyungu, moto ukamrukia mkono wa kulia. Kidonda kikapona vibaya: kiwiko kikajikunja, ngumi ikahamia kidevuni. Akabaki kufinyanga vibakuli, maana mtungi wa maji unataka mkono ufike chini, na wake haukuvuka shingo ya mtungi.

Mumewe Pazi akampeleka Morogoro kwa daktari wa Kidachi. Daktari akaeleza: atakata kovu mkono unyooke, pengo alizibe kwa kiraka cha nyama ya tumbo. Lakini mkono ushonewe hapo hapo tumboni wiki tatu, mpaka nyama izoee, ndipo aitenganishe.

Mwanaheri akabana kanga. Tumboni palikuwa na chale alizochanjwa alipokuwa mwali, za macho ya mume tu.

"Hapo pana mwenyewe," akasema.

Daktari akamtazama Pazi. Pazi akajikuna kichwa. "Kata, bwana. Njia ya kiwikoni nitaijua."

Wakamnusisha dawa, akaamka kashonwa kama gunia. "Ukiuchomoa mkono, kiraka kinakufa, na mkono ndio basi," daktari akamwonya.

Wiki tatu! Nyumbani alizunguka baraza mpaka sakafu ikabonyea, kuku wakaoga vumbi humo. Kiangazi kinayoyoma, wenzake wanachimba udongo. Mkono ukawasha, akatafuna kanga ikatoboka. Siku ya kumi akashika uzi auvute.

Chausiku, mtani wake, mwenye haki ya kumtukana bila kesi, alikuwa kamletea ndizi.

"Vuta! Mume nichukue mimi, na udongo wako nichukue mimi."

"Toka, mchawi we!"

"Sitoki. Vuta basi, unaogopa nini?"

Hasira zikashinda muwasho. Mwanaheri akauachia uzi. Chausiku akaona dawa ni hiyo. Akarudi kila siku na matusi mapya.

Kiraka kikashika, wakarudi Morogoro, daktari akautenganisha mkono na tumbo. Mkono ukanyooka, na chale zikakaa kwenye kunjo la kiwiko, wazi mbele ya soko zima la Mkuyuni.

"Jamani, leo sote waume wa Mwanaheri!" Chausiku akapiga vigelegele.

Mwanaheri hata hakugeuka. Alikuwa na haraka ya udongo. Akajenga mtungi mkubwa, akazamisha mkono. Vidole vikagusa chini. Kunjo likaegemea shingo mbichi, chale zikajichapa pale. Akaziangalia, akacheka, akaziacha.

Mitungi yake yenye chale ilijulikana mpaka Ngerengere. Pazi akataka kuizuia yote nyumbani, isionwe na watu. Mwezi haukuisha, akakosa pa kulala.