Picha Mbili za Dada

Katika miaka ya themanini nilikuwa mpiga picha Malindi. Mgeni mmoja aliniachia kitazamio cha plastiki chenye lenzi mbili, akanionyesha kazi yake: unapiga picha, unasogeza kamera kando, unapiga ya pili. Ukizitazama pamoja kwenye kitazamio, kila jicho na yake, aliyepigwa hujitokeza kama yupo mbele yako.

Ugumu ni kukisia usogeze kiasi gani. Bonde la Marafa nililipiga kutoka mbali, nikasogea hatua nzima. Mtu aliyeketi karibu anataka upana wa vidole tu.

Dada yangu mkubwa, mwalimu kule Gongoni, alirudi kwa mama akiumwa kifua. Alipoziona picha za Marafa aliniambia, "Nipige hivyo na mimi. Mwanangu bado mdogo, atanisahau."

Mara ya kwanza nilisogeza kupita kiasi. Picha ziliporudi kutoka Mombasa, zilikosafishwa, pua yake ilichomoza mno na macho yakatuuma kuzitazama. Alicheka mpaka akakohoa.

Tukarudia pale pale barazani. Safari hii niliiweka kamera juu ya kibao, nikaitelezesha kidogo sana. Tatizo likawa kikohozi, maana hakutakiwa kutikisika baina ya picha na picha.

"Ngoja kipite," alisema. Kilipotulia akaniuliza, "Nizuie pumzi?"

"Kidogo tu, dada."

Akaizuia. Nikapiga, nikasogeza, nikapiga.

Alifariki kabla picha hazijarudi. Baada ya matanga nilimpa mama kitazamio chenye zile picha mbili. Alikiweka machoni, akatazama.

"Mbona hukuniambia amekonda hivi?"

"Mama, ulikuwa naye kila siku."

"Sikuona."

Nilipotazama mwenyewe, nilielewa. Mashimo ya shingoni, juu ya mifupa ya mabega, yalikuwa na kina cha kuingia kidole. Nilikuwa nimekisia sawasawa, na kila kitu kilionekana kilivyokuwa.

Mama akaniomba nimpe moja tu kati ya zile mbili, aitundike ukutani. Katika ile moja, isiyo na kina, mashimo hayakuonekana; dada alikuwa mwanamke aliyeketi barazani, amependeza. Ya pili nilibaki nayo. Mtoto wake alipoanza shule alikuja kuniuliza sura ya mamake, nikampeleka ukutani kwa bibi yake.