Rangi Kwenye Mfuniko wa Tangi

Kiwanda cha pamba nilichokuwa mtunza bustani wake, pale kando ya ziwa, kiliuzwa na serikali kwa mtu binafsi. Wengi walipunguzwa kazini, mimi nikabakizwa. Kabla tajiri mpya hajaja kukagua, msimamizi wetu aliamuru kila chuma kipakwe rangi ya kijani: geti, mapipa, mabenchi. Mashine yangu ya kukata nyasi aliipaka mwenyewe, kwa haraka, brashi ikichuruzika.

Tangu siku ile mashine ikaharibika. Ukivuta kamba inawaka vizuri. Ukikata nyasi kama dakika kumi, inakohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Nikifungua tangi kuangalia petroli, naikuta ipo. Nikifunga na kuvuta kamba, inawaka tena, halafu inazima vilevile.

"Unaiba petroli, unachanganya na mafuta ya taa," msimamizi aliniambia.

Nikamwomba anuse tangi. Hakunusa. Alichukua mkanda mkuukuu wa mashine akanichapa mgongoni na usoni, mbele ya wanawake waliokuwa wakishona magunia. Pigo moja lilinichana juu ya jicho. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, na nilisimama nikapigwa kwa sababu nje ya geti walisimama watu ishirini wanaoitaka kazi yangu.

Kesho yake nilimleta mjomba wangu kutoka Mkuyuni, fundi wa injini za mitumbwi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uso huo nani kaufanya hivyo?"

Nikamsogezea mashine. Alitoa plagi, akaitazama, akairudisha. Akafungua kabureta, akaisafisha kwa petroli. Akawasha. Mashine ilinguruma, tukakaa kuisikiliza, mpaka ikakohoa na kuzima. Hapo mjomba akafungua mfuniko wa tangi polepole, na hewa ikaingia kwa mlio: fyuu.

"Umesikia? Tangi linakosa pumzi. Petroli ikishuka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, basi nayo inagoma kushuka."

Akanionyesha katikati ya mfuniko. Katundu ka kuingizia hewa kalikuwa kamezibwa na rangi ya kijani. Akakazibua kwa pini. Tukakata uwanja mzima, na mashine haikuzima hata mara moja.

Ningeishia hapo. Lakini nilikwenda na mfuniko mkononi hadi mlangoni kwa msimamizi, spana niliyokuwa nikimshikia mjomba bado iko mkono wa pili.

"Bosi, ni rangi yako," nikamwambia. "Mimi sikuiba."

"Umekuja kunifundisha kazi?" Akanizaba kofi, papo hapo kwenye kidonda. Damu ikaniingia jichoni.

Nilimpiga na spana kwenye taya. Nikasikia mfupa. Alipoanguka nikampiga tena, mara mbili begani, na ningeendelea kama mjomba, aliyekuwa amenifuata, asingenikaba shingo kwa nyuma na kunivuta nje. Wanawake walikuwa wakilia. Askari wa geti walinifunga kamba, nao wakanipiga kwa zamu mpaka gari la polisi lilipofika.

Nilihukumiwa miezi sita. Kazi ikaishia hapo. Mke wangu alikuja kuniona mara moja tu, akaniuliza, "Mfuniko ulikuwa unatosha kukutetea. Spana ya nini?"

Nilipotoka, mjomba alinichukua tukafanya wote kazi ya injini. Siku moja, tukipeleka injini ng'ambo ya maji, Busisi, nilimwona msimamizi pale gatini Kigongo akisubiri kivuko. Taya lake lilikuwa limeunga upande. Aliponitambua alikwenda kusimama nyuma ya lori la ng'ombe, akajificha kama mtoto.

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilifurahi. Furaha ile ilinikaa kifuani safari nzima ya maji, na mjomba aliyenitazama usoni aligeuka akatazama kwingine.