Kitoto cha Paka Kwenye Foleni ya Ng'ombe

Asubuhi ya ukungu Sumbawanga, wafugaji tulijaa kwenye duka jipya la daktari binafsi wa mifugo, ng'ombe zetu wakiwa mlangoni, tukingoja dawa zao. Akaingia mama kutoka Mpui, amepakata kitoto cha paka ndani ya sweta.

"Shikamoo, daktari. Naomba chanjo ya kichaa cha mbwa."

Watu wakacheka. "Mama, hata paka?" akauliza mfugaji mmoja.

"Mwanangu wa kwanza aling'atwa na paka mwenye kichaa, tukamzika. Paka huyu analala na mdogo wa marehemu."

Mfugaji akavua kofia, akasogea. "Pita mbele, mama."

Daktari akachoma sindano taratibu. Kitoto kikapiga mwayo, kikasinzia. Watu wazima na ng'ombe zetu, tukasimama tukikitazama kinavyopumua, hakuna aliyekumbuka zamu yake.