Chiriku na Tumbili

Gundi ya karakana hizi za Kizota, ninamofanya kazi sasa, inanuka kama ulimbo wa baba, utomvu aliouchemsha kunasia ndege. Nilipokuwa mtoto, alikuwa amenasa chiriku na tumbili, amuuzie mnunuzi wa kwenye treni, stesheni ya Gulwe, nipate sare nirudi shule. Tumbili alishika nyaya za tundu lake kwa vidole kama vyangu, akanikodolea macho. Chiriku alilia kwa sauti nyembamba, nikamhurumia, nikamfungulia. Sikujua kwamba mabawa yaliyoshikwa na ulimbo husafishwa kwanza kwa majivu. Alianguka vumbini, paka akamwahi.

“Tumbili wamejaa, mzee. Mimi nilifuata wa kuimba,” mnunuzi alisema, akapanda treni.

Baba hakunichapa. Alimwachia tumbili, naye akakimbilia mtama wetu. Kesho yake badala ya sare nilikabidhiwa kombeo nikamfukuze.