Siku Tata Alipotaka Kuweka Nyumba Yetu Rehani

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, hata katika uzee huu, mikono hunipoa. Nakusimulia mimi bibi yako, kwa sababu jana uliniambia umekubaliwa kwenye kile chuo kikubwa, ukataja mkopo, kisha ukacheka haraka kabla sijauliza neno. Kicheko cha namna hiyo nakijua.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, hapa hapa Kolwezi. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo mimi, Bernadeta wa kanisani, nikawa Ngalula tu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapata nafasi katika chuo cha masista kule Lubumbashi, walikosoma watoto wa wakubwa. Ukitoka pale, watu walisema, hakuna ofisi itakayokukataa. Tata, yaani baba yangu, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kusafishia shaba. Mshahara wake ulitulisha, ukaishia hapo. Basi akaamua kukopa kwa Tata Kabeya, mfanyabiashara wa unga kule Manika, na kuweka rehani parseli yetu, yaani kiwanja pamoja na nyumba tuliyokuwa tukilala.

Mama hakupinga. Aliacha tu kula vizuri. Nami nilikuwa nikiwaza: nikianguka mtihani je? Nikiugua? Wadogo zangu watalala wapi? Lakini sikuthubutu kusema, maana mtaa mzima ulikuwa umekwisha kunipongeza, na Tata alikuwa akitembea kama mtu aliyeongezewa kimo.

Siku ya kuweka sahihi, Tata Kabeya alitaka nami niwepo. Tulimkuta na wageni, tukaambiwa tusubiri uani. Mwanamume mmoja alikuwa akishusha magunia kutoka kwenye lori. Nilimtambua: Kasongo, wa kwanza katika parokia yetu kwenda chuo kile kile. Sisi tulidhani yuko Kinshasa, ofisini, na tai shingoni. Tata aliposogea kusalimiana na dereva, Kasongo akanijia.

“Ni weye unaenda kule?”

“Ndiyo, yaya,” nikamjibu, kama tunavyowaita kaka zetu hapa.

“Chuo ni muzuri, sitakudanganya. Mi nilimaliza, diplome niko nayo. Lakini deni ya Tata Kabeya haiishe. Uliza kwanza banahesabu deni na nini, na feza ao na kitu ingine.” Akatazama mlango wa nyumba. “Na usiseme ni mi nilikuambia.”

Mwanangu, sijawahi kuona mtu mzima, msomi, akiuogopa mlango namna ile.

Ndani, Tata Kabeya alitupokea kwa upole, akatupa viti na chai yenye sukari nyingi. Upole ule ulinitisha zaidi. Alipompa Tata kalamu, sauti yangu ilitoka nyembamba.

“Samahani, Tata Kabeya. Deni tutailipa na nini? Na feza, na zaire?”

Akacheka. “Mutoto iko na akili! Hapana, na magunia ya unga. Zaire ya leo, kesho haina kitu. Leo ninabapa feza ya magunia, kesho munanirudishia magunia.”

Bei ya unga tulikuwa tukiiona sokoni, ikipanda bila kupumzika, na mshahara wa Tata umesimama palepale. Deni lile lingekua hata tukiwa tunalipa. Tata naye alilielewa hilo. Ila kalamu alikuwa bado ameishika.

“Tata,” nikasema, “tuende ku nyumba.”

“Mukitoka, musirudie,” akasema Tata Kabeya. Hakuwa akicheka tena.

Tata alinitazama mpaka nikadhani atanipiga mbele ya watu. Kisha akaiweka kalamu mezani.

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilijua nimemwaibisha baba yangu na nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipolipita soko alisimama.

“Ngalula, mi pia niliogopa. Tangu siku ya kwanza. Niliona haya kukuambia.”

Nilisomea uuguzi hapa Kolwezi, nikazalisha akina mama wa mji huu hadi nilipostaafu. Sikuambii kwamba nilishinda. Kwa miaka mingi, nikisikia treni ya Lubumbashi, kitu kilinichoma moyoni. Rafiki yangu Kapinga alikopa kwa mjomba wake, akasoma chuo kile, akawa daktari, na deni likaisha salama. Kasongo alitoroka na hakuonekana tena. Mama yake ndiye aliyetolewa kwenye parseli. Nilimwona akiishi katika kachumba ka kupanga nyuma ya kanisa, akiwa hataki kusalimiwa.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Chuo kizuri ni kitu kizuri. Ila kabla hujaweka sahihi, uliza deni litakuaje siku fedha ikishuka, na nani ataguswa ukiugua au ukikosa kazi. Uliza chuo hicho kikubwa kitakufundisha nini ambacho hiki cha karibu hakiwezi. Ukiona ni jina tu, rudi. Na ukiogopa, sema. Huenda wazazi wako nao wanaogopa, wanangoja wewe uanze. Ukishajua yote, ukaona unaweza kuubeba mzigo huo, nenda kwa moyo mmoja.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe walimu wema na mwili wenye afya, na siku utakayorudi utukute sote tungali hai. Amina.