Gauni nililolikata bila akiba

Admin, jina langu lifiche. Wanaonijua watanijua tu, potelea mbali.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Nduguti. Shuleni nilikuwa mchezaji wa netiboli, tena wa kutegemewa. Tangu nizae huyu wa mwisho, mwaka wa sita huu, zoezi langu ni kukanyaga pedeli ya cherehani tu. Mwili umeongezeka, sikatai.

Jumamosi hii mdogo wake mume wangu anaoa, na sare za wanawake wote wa ukoo nashona mimi. Mwezi uliopita walikuja kupimwa. Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, akaishika futi yangu akasema mbele ya wote, "Fundi, hii futi ukijipima mwenyewe inakutana kweli?" Jamani, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Najua mawifi tunataniana, na mimi huwa namrudishia. Siku ile niliinama nikaendelea kuandika vipimo. Iliniuma kweli kweli.

Sisi mafundi tuna desturi. Gauni la mteja unaliachia kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni, akinenepa unafumua unamwachia. Mimi kwa hasira nilijipima, nikatoa inchi nne, nikakata gauni langu bila akiba hata kidogo. Vipande vilivyobaki nikavichomea jikoni ili nisije nikarudi nyuma. Na kitambaa kile dukani kimeshakwisha.

Nikajiunga na kundi la mazoezi kwenye simu, siku saba za kufanyia nyumbani, kochi anatuma video. Mume wangu aliponiona akasema, "Mama watoto, umekaa miaka sita. Anza hata kwa kutembea, mwili siyo cherehani useme utaupaka mafuta uwake." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye na dada yake lao moja. Kesho yake akaenda Ulemo kununua alizeti.

Kazi za wateja zilinibana, nikaanza Jumamosi iliyopita. Siku ya kwanza kichurachura mia mbili, pushapu, skwati mpaka nikatapika. Kochi akasema kutapika ni dalili nzuri. Jumapili nikarudia. Jumatatu nikarudia huku nalia, maana nilikuwa nasikia kile kicheko. Nikawa nameza dawa za maumivu za dukani, na maji nakunywa kidogo kwa sababu kundini walisema maji yanajaza tumbo.

Jumanne niliamka mikono haikunjuki. Mapaja magumu kama ubao. Nikakaa kwenye cherehani, mguu ukakataa kusukuma pedeli. Nilipoenda chooni mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Nikauliza kundini. Wakanijibu, "Hongera dada, hayo ni mafuta na sumu vinatoka!" Na mimi mjinga nikafurahi. Nikashukuru Mungu, halafu nikajikokota kufanya zoezi la siku ya nne.

Jana Jumatano nilienda zahanati nikitaka dawa ya misuli. Nesi alipouona mkojo aliacha kuandika. Akasema, "Mama, kwa hili sikupi dawa hapa. Misuli yako imeumia, na uchafu wake unaziba figo. Nenda hospitali leo. Nimesema leo, siyo kesho." Akaniandikia karatasi ya rufaa. Nilimwitikia ndiyo, nikafika nyumbani nikaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi.

Mtaniuliza kwa nini. Nikilazwa, ukoo mzima utajua nimelazwa kwa ajili ya kuruka kichurachura. Mume wangu atasema alinionya. Na gauni la wifi ndilo pekee halijaisha, linabaki mikono na pindo, na mguu haukanyagi. Atasema nimemfanyia makusudi. Nilijiambia nivumilie mpaka harusi ipite, Jumatatu nitaenda.

Leo asubuhi nilijaribu gauni langu. Hata halikufika ubavuni, mikono yangu imevimba, likagoma mabegani. Miguu nayo ukibonyeza shimo linabaki.

Mchana huu wifi amekuja kufuata gauni lake. Nikamwamkia, "Shikamoo wifi," hakuitikia. Alisimama mlangoni ananitazama usoni, mimi nikangoja lile neno lake, kwamba sasa futi haikutani kabisa. Akauliza, "Wewe, umevimba lini hivi?" Nikamwambia ni usingizi tu. Akasema anaenda kumpigia mume wangu, na akaondoka bila hata kulitazama gauni. Yule mwanamke hajawahi kutoka kwangu bila kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimeitoa karatasi kwenye droo, iko mapajani hapa. Mume wangu bado yuko Ulemo, simu yake haipatikani. Nikiondoka sasa harusi nimeiharibu, na wifi atakaa na gauni lisilo na mikono. Nikibaki ni siku mbili tu, na kundini naambiwa nijikaze. Kochi naye ametuma ujumbe sasa hivi, "Siku ya sita dada, usiniangushe."

Kitu kimoja sijamwambia mtu. Tangu jana jioni sijapata mkojo hata tone.

Nishaurini, nifanye nini? Ila jamani, msichelewe kunijibu.